Tarumbeta la Tatu

Mdogo wangu alileta tarumbeta nyumbani siku ya mvua, sanduku lake likiwa limefunikwa kwa koti ambalo yeye mwenyewe alipaswa kulivaa. Alilowa mpaka soksi. Sanduku lilikuwa kavu. Mama alipofungua mlango alishika kichwa, kwa sababu kwa mtoto mwingine kulowa ni kulowa tu, lakini kwa yule baridi ilikuwa ikimwingia mifupani, na kesho yake huenda tungeamkia hospitali.

"Koti nimekununulia wewe au sanduku?" Mama alisema, huku akimvua shati pale pale mlangoni.

"Ni la skuli, Mama. Likiharibika tutafanyaje?"

Hayo aliyasema kwa Kiingereza. Tulikuja Birmingham yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Kiswahili alikielewa chote, mpaka mafumbo ya shangazi kwenye simu, ila kinywani mwake hakikutoka zaidi ya salamu na jina la chakula. Mama alisema naye Kiunguja chake, Baba akasema Kitanga chake, naye akawajibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa Stechford, mtaa wetu, walivyojibu wazazi wao. Neno moja tu hakuliacha. Mimi aliniita Dada, hata mbele ya wenzake.

Alizaliwa na selimundu. Damu yake ilikuwa na chembe zilizojikunja, zinakwama kwenye mishipa midogo, na zikikwama anaumwa maumivu ambayo sijawahi kuona mtu mzima akiyavumilia. Baridi iliyaamsha. Uchovu uliyaamsha. Mara nyingine hayakuhitaji sababu. Kwa hiyo alikua akiwa mtoto wa kusamehewa. Kipindi cha michezo alikaa benchi na makoti ya wenzake. Safari za shule hakwenda. Walimu walimpenda kwa namna ile ya kumpenda mtu asiyetarajiwa kufika mbali, na wenzake hawakumchokoza wala hawakumwita. Akikosa shule wiki nzima, akirudi hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi.

Siku ile Baba aliamka kwa zile kelele za mlangoni. Alikuwa akifanya kazi kiwanda cha mikate, anaondoka alfajiri, anarudi mchana kulala. Alishuka ngazi na msuli wake, akaliona tarumbeta juu ya meza ya jikoni, njano, limechubuka mdomoni.

"Hili nini?"

"Tarumbeta," nilisema mimi.

"Naona ni tarumbeta. Nauliza linafanya nini kwangu." Akalishika, akaligeuza, akalirudisha mezani. "Kwetu Tanga watu hawa tunawakodisha harusini. Wanapiga, wanakula pilau, wanakwenda zao. Mimi nimevuka bahari mwanangu aje kufundishwa hilo?"

Mdogo wangu alikuwa amejifunika taulo kichwani. Akamwambia kuwa shule ina bendi, mwalimu wa muziki amemsikia akijaribu, na amempa sehemu ya tarumbeta la tatu.

"La tatu?" Baba alicheka. "Yaani hata la pili umelikosa?"

Hakucheka kwa ubaya. Baba alikuwa mtu wa mzaha. Lakini nilimwona mdogo wangu akilivuta sanduku taratibu, akalirudisha tarumbeta ndani, akalifunga vifungo vyake viwili, akapanda nalo juu.

Mazoezi ya bendi yalikuwa baada ya masomo, katika ukumbi ule ule tulimokula chakula cha mchana, kwa hiyo palinuka chipsi na sabuni ya kupigia deki. Mama aliniamuru nimsubiri mdogo wangu nimbebee mkoba, maana mkoba na sanduku pamoja vingemchosha. Nikawa nakaa nyuma kabisa, kwenye meza moja waliyoiacha bila kuikunja, nafanya kazi zangu za nyumbani huku bendi inapiga. Mwanzoni nilichukia. Nilikuwa kidato cha juu, nina mitihani, na wale watoto walikuwa wanarudia mistari ile ile mpaka nikawa naiota.

Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Hakuwa mkali, lakini hakuwa mwepesi wa kusifu pia. Siku ya kwanza baada ya mdogo wangu kutoka hospitali, alikolazwa wiki mbili, nilidhani atampokea kama walimu wengine, kwa sauti ya chini na kichwa cha kuinamisha. Badala yake alimtazama juu ya miwani akasema, "Wiki mbili hizi kulikuwa na shimo pale kwenye kiti chako. Tumelisikia wote. Kaa, tuanze."

Tulitembea kurudi nyumbani, mimi na mdogo wangu, mpaka tukapita stesheni ya treni. Kisha akaniuliza, "Dada, umesikia alivyosema? Kwamba walilisikia shimo?"

"Nimesikia."

"Kweli wamelisikia, unadhani?"

Nikamwambia ndiyo, ingawa wakati huo sikujua tarumbeta la tatu linafanya kazi gani. Nilikuja kujua baadaye, kwa kukaa pale nyuma. Tarumbeta la kwanza lina wimbo, ndio watu wanaondoka wakiuimba. La pili linatembea nalo kwa karibu. La tatu liko chini, linashika sauti moja ndefu huku wenzake wakipanda na kushuka, au linanyamaza. Linanyamaza sana. Mdogo wangu alikaa na tarumbeta magotini, midomo inahesabu bila sauti, moja mbili tatu nne, mbili mbili tatu nne, mpaka zamu yake ifike, apige nota zake chache, anyamaze tena. Nikamuuliza kama hachoki kuhesabu.

"Ukihesabu," alisema, "hata kama hupigi, bado umo."

Hayo ni maneno ya mtoto wa miaka kumi na nne. Niliyasikia nikaendelea kula chipsi zangu.

Nyumbani alifanyia mazoezi kwenye kijichumba chini ya ngazi, kati ya mashine ya kufagilia zulia na viatu vya baridi, na soksi ameichomeka kwenye mdomo wa tarumbeta ili Baba alale. Sauti ilitoka kama ya ndama aliyefungiwa chumba cha mbali. Alipiga nota moja ndefu, akapumzika, akaipiga tena. Siku moja Baba alisimama kwenye ngazi, juu yake hasa, akasikiliza.

"Sauti moja tu," alimwambia Mama. "Mpaka lini?"

Kijichumba kikajibu kwa Kiingereza, "Mpaka itulie, Baba."

Baba akatikisa kichwa, akaenda kulala. Lakini wiki hiyo hiyo alirudi kutoka kazini na kipande cha zulia, akakipigilia misumari ndani ya mlango wa kile kijichumba. Kama ni kuzuia kelele zisimfikie au baridi isimfikie mwanawe, hakusema, na hatukumuuliza.

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Niliyaona kidogo kidogo, kama mtu anavyoona mtoto amekua kwa suruali kupanda juu ya vifundo. Siku za bendi hakukosa shule hata akiwa na maumivu madogo. Alimeza dawa zake, akavaa nguo mbili mbili, akaenda. Alama zake za hesabu zilipanda, kwa sababu mwanafunzi aliyekaa naye alikuwa akimsaidia wakati wa mapumziko, na yeye akamsaidia huyo kusoma nota. Akaanza kupigiwa simu nyumbani. Simu ya nyumbani ikilia Mama anaruka akidhani ni Zanzibar, kumbe ni mtoto wa kizungu anauliza kama kesho mazoezi yapo. Msichana aliyepiga tarumbeta la kwanza alikuwa Msomali aliyelelewa Nairobi, mrefu, mcheshi, hijabu yake imebanwa vizuri isiguse mdomo wa tarumbeta. Huyo ndiye aliyemlazimisha mdogo wangu kusema Kiswahili. Alimkatalia Kiingereza. "Si unaelewa? Basi bonga," alimwambia. Na mdogo wangu akaanza kutoa vijineno, nusu vya Unguja, nusu vya Nairobi, mpaka siku moja akamwambia Mama, "Chakula kimebamba," akimaanisha kitamu, na Mama akadhani kimeungua.

Kulikuwa na tamasha la mwisho wa muhula, Desemba. Baba wiki hiyo alikuwa zamu ya jioni. Mama alitoka moja kwa moja kwenye kazi yake ya usafi hospitalini, sare yake ya buluu ndani ya koti, akakaa karibu nami kwenye viti vya plastiki. Bendi ilipiga vipande vichache. Wazazi walipiga picha. Mama alinyoosha shingo huku na huku tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu matarumbeta yalikaa nyuma, na mbele yake palikuwa na mtoto mnene mwenye chombo kikubwa cha shaba kilichomzunguka mwili mzima kama chatu.

Njiani mdogo wangu alimuuliza, "Umependa, Mama?"

"Nimependa. Kelele nzuri. Lakini wewe sikukuona, nimeona nywele tu. Na kukusikia pia sikukusikia."

Alicheka mpaka akakohoa. "Ukinisikia mimi, Mama, ujue nimekosea."

Baada ya mwaka mpya baridi ikashika. Ilikuwa baridi ya unyevu, isiyo na theluji, ile inayopita kwenye ufa wa dirisha hata ukiuziba kwa gazeti. Alilazwa mara moja, akatoka. Akalazwa tena. Wadi yake ilikuwa katikati ya jiji, na dirishani yalionekana maghorofa ya mtaa wa Ladywood, ambayo alizoea kuyahesabu kutoka juu kwenda chini. Nesi mmoja, mama wa asili ya Jamaika, alimletea kidude cha plastiki chenye vimpira ndani. Unavuta pumzi, vimpira vinapanda. Alitueleza kwamba ugonjwa huu mara nyingine hukimbilia kifuani, na mgonjwa aliyelala akivuta pumzi fupi fupi kwa kuogopa maumivu, mapafu yake huwa hatarini. Mdogo wangu alivuta mara moja, vimpira vyote vikagonga juu.

"Wewe unafanya nini na mapafu haya?" nesi aliuliza.

"Napiga tarumbeta."

"Basi endelea kupiga. Ni bora kuliko hiki kidude changu."

Baba alikuwepo. Nilimtafsiria, ingawa alikuwa ameelewa. Akakichukua kile kidude, akavuta pumzi yeye mwenyewe, kimpira kimoja tu ndicho kilichonyanyuka. Mdogo wangu akajishika mbavu kwa kucheka. "Usinichekeshe, Baba, inauma," alisema, kwa Kiswahili, na Baba akageukia dirishani.

Jumamosi ile bendi ilikuja. Si bendi yote, lakini walijaa mpaka nesi akawafokea. Walikuja Wazungu, Wapakistani, Wajamaika, na yule mtoto mnene wa chombo kikubwa akiwa na fungu la zabibu. Waliketi kitandani, walikalia radieta, lile bomba la joto la ukutani, wakawa wanasema wote kwa pamoja habari za nani kakosea wapi. Baba aliingia na chupa ya chai mkononi akasimama mlangoni. Hakupata pa kupita.

"Hawa wote nani?" aliniuliza.

Yule msichana wa Nairobi akainuka. "Salaam aleikum, mzee. Sisi ni wa bendi. Tumekuja kuona huyu wetu anarudi lini. Bila yeye hiyo ngoma inakaa tupu kabisa."

"Aleikum salaam. Bila yeye?" Baba alimtazama mwanawe, kisha akamtazama yule msichana. "Lakini yeye si wa tatu?"

"Wa tatu ndiye anashikilia, mzee. Mimi nikipiga ile ya juu peke yangu nasikika kama firimbi ya refa."

Baba aliweka chupa chini. Akatafuta vikombe, akawamiminia wote chai ya tangawizi, wasioizoea wakakunja nyuso na wakainywa. Walipoondoka alikaa kwenye kile kiti cha wageni, akamuuliza mwanawe tamasha linalofuata ni lini.

"Kabla ya Pasaka."

"Nitaomba zamu nyingine. Nitakuja."

"Kweli, Baba?"

"Nimeshasema."

Alitoka hospitali, akarudi shule, akafanya mazoezi karibu mwezi. Kisha ugonjwa ukarudi, na safari hii ulikwenda kifuani kama nesi alivyosema. Asubuhi aliingia kwenye gari la wagonjwa anajiweza, ananikumbusha nimwambie mwalimu kwamba leo hatakuwepo. Nilimwambia mwalimu. Mchana wa siku ya pili nilikuwa darasani, mlango ukafunguliwa, mwanamke wa ofisini akatazama huku na huku mpaka akanipata. Sikuhitaji aseme. Kwenye teksi nilikuwa nafikiria kitu cha kipuuzi, kwamba nimeacha kalamu yangu nzuri juu ya dawati. Nilipofika Mama alikuwa ameshamfunika miguu, anaipapasa juu ya shuka, anasema miguu ya mtoto huyu haijawahi kupata joto.

Kwetu maiti haikai. Alizikwa kesho yake baada ya adhuhuri. Mwalimu wa muziki alinipigia simu asubuhi, akauliza watoto wanaweza kuja na waje na nini. Nikamwambia waje wenyewe tu, na viatu vya kuvua kwa urahisi.

Wavulana walikwenda msikitini na makaburini pamoja na wanaume. Baba alinisimulia baadaye kwamba yule mtoto mnene alishika jeneza kwa zamu yake bila kufundishwa, akaliachia pale alipotakiwa kuliachia. Wasichana walikuja nyumbani na mwalimu. Wamejifunga mitandio, mingine imeteleza, nywele za rangi ya majani makavu zinatoka pembeni. Nyumba ilikuwa imejaa kina mama wa Kizanzibari, wa Tanga, wa Mombasa, vyungu viko jikoni, visomo sebuleni. Msichana mmoja mdogo wa filimbi aliniuliza kwa kunong'ona kama wangeruhusiwa kumpigia kitu kifupi. Kabla sijajibu, yule wa Nairobi alimshika mkono akamwambia, "Hapa hatupigi. Hapa tunakaa."

Wakakaa. Walikaa sakafuni karibu na ukuta, mgongo wima, mikono magotini, mchana kutwa, wengi wao hawaelewi neno hata moja la kilichosomwa. Hawakutazama simu zao. Hawakunong'onezana. Mama mmoja mzee alinivuta akaniuliza, "Hivi vitoto vya kizungu vimefundishwa wapi kutulia hivi?" Nilijua jibu, ni kule bendini wanakokaa wakihesabu, nikaenda jikoni nikafungua bomba la maji ili nisisikike nikilia.

Matanga yalipokwisha mwalimu alikuja tena, peke yake, ameshika CD kwenye mfuko wa karatasi. Alisema alikuwa na kawaida ya kurekodi mazoezi ili wanafunzi wajisikie, na hii ilikuwa ya mwisho yenye mdogo wangu. Akaomba radhi kwamba si tamasha, ni mazoezi tu, yana makosa mengi na mwanzoni kuna mlio wa kiti kuburutwa. Mama alimshukuru, akamlazimisha kula, akaiweka CD juu ya kabati la vyombo. Ikakaa pale siku nyingi. Mama akipita anaigusa.

Jioni moja tukiwa wawili, Baba amekwenda msikitini, alinipa mkononi. "Hebu weka."

Niliiweka. Kiti kikaburutwa. Sauti ya mwalimu ikahesabu. Bendi ikaanza. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayejiandaa kwa kazi.

"Yuko wapi?"

"Sikiliza chini, Mama. Si ile inayoimba. Chini yake."

Alifumba macho. Tulirudia mwanzo. Tukarudia tena. Nikawa namwimbia ile sehemu yake, sauti moja ndefu, kisha nyingine, huku bendi inapita juu yangu. Niliijua yote. Miezi ile ya kukaa nyuma ya ukumbi ilikuwa imeniingia bila kuniomba ruhusa. Mama alitikisa kichwa.

"Nakusikia wewe. Yeye simsikii. Mwanangu nimemzaa mimi, nimemjua kwa kikohozi chake akiwa vyumba viwili mbali. Mbona simsikii?"

"Ndivyo kazi yake ilivyo, Mama. Anachanganyika."

"Basi wamemchanganya mno."

Nilitaka kuizima. Nikaiacha iendelee, na ikafika kile kipande cha taratibu, ambapo bendi nzima inanyamaza na kusubiri filimbi iingie peke yake. Kabla ya filimbi, katikati ya kimya kile, tarumbeta likatoka. Sauti moja, ya chini, nene, imetulia, haina wasiwasi wowote. Ikakatika ghafla. Bendi nzima ikaangua kicheko, na nyuma ya kicheko sauti ya mdogo wangu ikasema kwa Kiingereza, "Samahani, samahani, nimehesabu vibaya."

Mama alisimama. Kanga ilimdondoka.

"Huyo!"

"Ndiyo, Mama."

"Ni yeye! Amekosea!" Alikuwa analia na uso wake umefunguka wote. "Rudisha. Rudisha hapo hapo alipokosea."

Nilirudisha. Tarumbeta, kicheko, samahani, samahani. Mara ngapi sijui. Baba aliporudi alitukuta hivyo, akasikia, akasimama na ufunguo mkononi. Kisha akageuka akatoka tena nje bila koti, akakaa kwenye ngazi ya mlangoni mpaka tulipozima. Mama alisikiliza kipande kile kila siku kwa muda mrefu, kisha siku moja moja. Baba hakuomba kukisikia, si siku ile, si baadaye.

Sanduku lilikuwa bado chumbani kwa mdogo wangu. Shule haikuliulizia. Nafikiri mwalimu angeliacha likae kwetu milele kuliko kutuma mtu kulidai. Ila wiki ile ya kabla ya Pasaka Baba aliniambia, "Lile si letu. Twende ukanielekeze."

Alivaa koti lake la Ijumaa. Alilibeba yeye mwenyewe, hakunipa hata kwa dakika. Tulipofika, mazoezi ya mwisho kabla ya tamasha yalikuwa yanaendelea, na mwalimu alipotuona mlangoni alishusha mikono, ukumbi ukanyamaza. Baba alikwenda mpaka mbele, mbele ya watoto wote wale, akamkabidhi.

"Nimeleta mali ya shule," alisema kwa Kiingereza chake cha kiwandani. "Mwanangu alilitunza."

"Alilitunza sana," mwalimu alisema. Akamuuliza kama angependa kukaa kidogo.

Nilidhani atakataa. Alikuja nyuma, kwenye ile meza yangu, akavuta kiti. Hakuvua koti. Bendi ikapiga tamasha zima, kipande kwa kipande, kwa mtu mmoja na binti yake. Yule msichana wa Nairobi alikuwa anapiga huku machozi yanamtiririka, wala hakukosea. Baba aliinama kwangu.

"Ya tatu ni ipi?"

"Ile ya chini, Baba. Inayokaa."

Akasikiliza. Kwenye kiti cha mdogo wangu alikaa msichana mdogo wa darasa la chini, miguu haigusi sakafu vizuri, midomo yake inahesabu. Baba alimtazama huyo tu mpaka mwisho. Watu walipoanza kufunga masanduku yao alinyanyuka, akampa mwalimu mkono, tukaondoka.

"Wameshapata mwingine," alisema tulipokuwa barabarani.

"Ndiyo, Baba. Isingewezekana vinginevyo."

"Najua. Ni haki yao. Si nimesikia mwenyewe." Akatembea kidogo. "Anapiga vizuri yule mtoto."

Kituoni alisimama akiitazama ratiba ya mabasi kwa muda mrefu, na ratiba ile tuliijua kwa kichwa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilimshika mkono wa koti. Sikuwahi kumwona Baba akilia, hata makaburini, na sikujua mtoto anafanya nini mzazi akilia, kwa hiyo nilishika lile koti tu. Basi letu likaja, dereva akafungua mlango, akatutazama, akafunga, akaondoka. Tulirudi kwa miguu.

Mama alikuwa ameshatandika mkeka. Baba alikwenda kunawa, akakaa huko hadi wali ukaanza kupoa, kisha akaja akala na sisi. Mama alimuuliza kitu kimoja tu, kama shuleni walimpokea vizuri.

"Walinipokea," Baba alisema. "Wamenipigia yote."